Buti la Bi Aziza Sikulivunja

Mimi nimestaafu. Nina miaka ishirini na sita. Chekeni mmalize, nangoja.

Mmemaliza? Haya.

Nimefanya kazi ya vitasa vya magari miaka saba kwa Fundi Kitsao, Bondeni, na katika vitasa vyote mimi nilikuwa mtu wa mabuti. Mlango wa gari una kioo, waona ndani, waona unachokitafuta. Buti halina kioo. Buti lazima ulifikirie. Sasa nimesikia kwamba nyinyi watatu mlioingia pale baada yangu mmepewa habari zangu hata kabla hamjapewa bisibisi. Mmeambiwa Zuhura aliwachelewesha watu maziko kwa ukaidi wake, akaaibika, akaikimbia kazi. Na waliowaambia hawakuwako. Mimi nilikuwako. Nilikuwa ndani ya hilo buti.

Kwa hivyo nawaandikia, na nawaandikia haraka, kwa sababu sina subira. Huko kukosa subira ndiko kulikoniponza, mtaona.

Kwanza Fundi Kitsao mwenyewe, maana najua sasa hivi mwamwogopa. Msimwogope. Ni Mgiriama wa Kaloleni, ana sauti kubwa lakini mkono wake mwepesi kama wa mshonaji. Siku yangu ya kwanza nilikuwa nimetoka kidato cha nne, cheti bado sijakichukua, nikamwendea na daftari na kalamu nikidhani ataniandikisha mambo. Akaniambia, "Weka hilo daftari. Fumba macho." Akanipa ufunguo, akanielekeza mkono mpaka kwenye tundu la buti la gari lililokuwa pale. "Zungusha. Wasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Sikukuuliza masikio. Nimekuuliza vidole."

Nilizungusha mara ishirini ndipo nikafahamu. Ufunguo ukishika kitu, una uzito. Ni uzito mdogo, kama kunyanyua kifuniko cha birika. Ukizunguka bila uzito, basi ndani kuna kitu kimeachana na chenzake, na hata ukizungusha mpaka kesho buti halitafunguka. Kazi yote ya mabuti iko hapo. Mengine ni bolti.

Na mengine yenyewe nawapa sasa, msije mkasema nilikuja kujitetea tu.

Usilifungue buti la mtu huku uso wako uko juu yake. Simama kando kidogo. Zile nguzo mbili zinazolishika likiwa wazi, sisi twaziita shoki, zikiwa mpya hulirusha juu kwa nguvu, nimeona mzee mzima akipigwa kidevu. Zikiwa mbovu ni vibaya zaidi. Lapanda, latulia, wadhani limesimama, kisha lakuangukia. Kwa hivyo shoki mbovu huwekewa fimbo. Kata mti wa ufagio, uweke ndani ya gari, kila ukifungua uegemeze kwanza ndipo uingize kichwa. Nililisema hili kwa wateja wote. Kumbukeni kwamba nililisema.

Buti linalokataa, usilibamize. Mtu hulibamiza mara tatu kwa hasira halafu huja karakana kulalamika kitasa kimepinda. Likatae mara moja, mara ya pili libonyeze chini kwa kiganja huku mwenzio akizungusha ufunguo. Mara nyingi ni mpira umegandana kwa jua, au mzigo wa ndani wausukuma ulimi wa kitasa. Kama ni la kitufe nawe ukibonyeza husikii mlio wowote, angalia nyaya pale kwenye bawaba. Nyaya hizo hupindwa kila buti likifunguliwa, mwisho hukatika. Na chumvi. Tuko kisiwani, hewa yetu yala chuma. Grisi kidogo kila baada ya miezi michache, na ufunguo wa chuma uutumie hata kama una rimoti, usije ukauhitaji siku moja ukakuta tundu limeota kutu.

Funguo zikae mfukoni. Usiziweke juu ya mzigo ndani ya buti "dakika moja tu". Mama mmoja wa samaki kule Liwatoni aliziweka juu ya barafu, akalifunga. Tulimkuta anazunguka gari lake akilitukana kama mke mwenza. Na hapo ndipo nilipoona kwa mara ya kwanza njia ya kiti. Fundi Kitsao alikinyofoa kiti cha nyuma, sehemu ya kukalia kwanza, kisha bolti mbili za chini, kisha akaunyanyua mgongo wa kiti ukatoka kwenye ndoano zake. Nyuma yake palikuwa na tundu la chuma linaloingia kwenye buti. Akaingiza mkono mpaka begani, akautoa na samaki changu.

"Mama, ufunguo wako una mapezi," akasema.

Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Nami nikalishika lile tundu kichwani.

Sasa kosa langu.

Kuna sheria moja ya Fundi Kitsao ambayo sina shaka mmeshaisikia hata kama mko pale wiki moja. Kitasa hujaribiwa buti likiwa wazi. Ukimaliza kutengeneza, usiteremshe. Chukua bisibisi, usukume ulimi wa kitasa mpaka kijifunge, kana kwamba kimeshika chuma. Tia ufunguo, zungusha. Ulimi ukiruka, vyema. Rudia. Mara tatu. Ndipo ulifunge. Kwa sababu likiwa wazi kosa lako ni kosa tu, waweza kuliona ukalirekebisha. Likishafungwa, kosa lako liko ndani pamoja na mali ya watu.

Athmani, dereva mmoja wa Mji wa Kale, alileta gari lake. Saluni nyeupe, la zamani. Ile kebo ya kufungulia buti kutoka kwenye kiti cha dereva ilikuwa imekatika kwa kutu, na tundu la ufunguo lilikuwa limekauka. Tukakubaliana nimtengenezee la ufunguo, kebo aitafute pole pole. Nikalifungua, nikalisafisha, nikalitia grisi, nikalirudisha. Ufunguo huvuta kijiti cha chuma, na kijiti hushikwa kwenye kitasa kwa klipu ndogo ya plastiki, ukubwa wa ukucha. Nikakirudisha kijiti, kikakaa. Nikajaribu mara moja, likaitika. Athmani alikuwa anapiga honi, na mimi mwenyewe nilikuwa nataka kuondoka, nimechoka, nina njaa. Mara moja yatosha, nikasema. Nikalibamiza.

Nilimwambia jambo moja tu: "Athmani, shoki zako zimekufa. Weka fimbo."

"Ntaweka, mwalimu," akasema kwa kejeli, akaenda zake.

Klipu sikuitia. Kijiti kilikuwa kimekaa kwa bahati tu.

Ikapita wiki na siku mbili tatu hivi. Mchana, baada ya adhuhuri, simu ikalia. Athmani. Hakunisalimu hata. "Zuhura, buti halifunguki. Njoo Mji wa Kale sasa hivi. Nyanya amefariki."

Nyanya yake ndiye Bi Aziza. Alikuwa amehamia kwa binti yake, Bi Khadija, mamake Athmani, kule Kisauni, na ndiko alikofia asubuhi ile. Lakini alikuwa ameusia azikwe kutoka nyumbani kwake Mji wa Kale, nyumba aliyozaliwa. Wakamleta. Na Athmani akaleta sanduku lake kwenye buti. Ndani ya sanduku mlikuwa na sanda aliyorudi nayo Makka alipokwenda kuhiji, ameifua mwenyewe kwa maji ya zamzam, akaikunja, akaitia udi. Ilikaa miaka. Kila Ramadhani akiitoa akiianika kivulini, akiirudisha. Wanawake walikuwa wamekwisha kumwosha. Maziko ni baada ya swala ya alasiri. Na nguo yake iko ndani ya buti langu.

Nalisema langu kwa sababu pale pale barabarani, nikikimbia kutoka Bondeni na mkoba wa vyombo, nilikuwa nimeshajua. Nilimpigia Fundi Kitsao, aliyekuwa kwenye kazi nje ya kisiwa. Nikamweleza.

"Ulilijaribu likiwa wazi?"

"Mara moja."

Akasema, "Basi mlango waujua. Pitia kwenye kiti. Na uoshe mikono kwanza."

Nilipofika, gari liko mdomoni mwa kichochoro, wanaume wamelizunguka, na katikati yao Ami Salim. Huyu ni ndugu wa babake Athmani, mtu wa kusimamia kila kitu, harusi na matanga. Pembeni yake fundi wa kuchomelea, na grenda imeshaunganishwa na waya mrefu kutoka dirishani kwa jirani.

Niliutia ufunguo, nikazungusha. Hauna uzito.

"Umeona?" akasema Ami Salim. "Sisi tumezungusha saa nzima. Sogea, akate."

"Ami, asikate."

"Mbona asikate?"

"Grenda yatoa cheche. Cheche zitaingia ndani, na ndani mna sanduku la mbao na nguo kavu ya pamba. Na tangi la petroli liko chini ya kiti cha nyuma."

"Basi twalivunja kwa mtaimbo."

"Mkitia mtaimbo, bati litapindia ndani juu ya sanduku. Na kitasa kikipinda halitafunguka tena hata kwa njia yangu. Nipeni nusu saa."

"Nusu saa! Weye binti, wajua ndani ya nyumba ile kuna maiti?"

"Najua, Ami. Ndiyo sababu nimekuja mbio."

Akamwashiria yule mchomeleaji. Grenda ikawashwa, ikalia. Mimi sikufikiria. Nilipanda, nikakaa juu ya buti.

Haya, hapo ndipo watu wanapopaita ukaidi. Pawe hivyo. Nilikaa juu ya buti la watu mbele ya matanga, na ovaroli ya grisi, na leso kichwani, na wanaume kumi na tano wananitazama. Mmoja akasema, "Huyu ametoka wapi?" Mwengine akasema, "Mtoto wa kike kakosa pa kukaa." Mchomeleaji akaizima mashine yake, akajikuna shingo. "Mimi nimeitwa kukata buti, wazee. Sikuitwa kukata msichana."

"Salim," mtu akasema, "twende Biashara Street, si hapo tu. Bafta ziko tele. Tununue, tumalize."

Na kweli, kama ni nguo ya kuzikia tu, ni mwendo wa dakika chache, bafta nyeupe nzuri mpaka uchoke. Wangeweza. Lakini mlango wa nyumba ukafunguka, akatoka Bi Khadija. Macho yamevimba, mikono bado inanukia kafuri. Wanaume wakampisha, na mimi nikateremka upesi kwa aibu.

"Ni wewe uliyetengeneza kitasa hichi?" akaniuliza.

"Ni mimi, mama."

"Na kimeharibika vipi?"

Ningeweza kusema chumvi. Ningeweza kusema gari la zamani. Athmani alikuwa ananitazama, hajui lolote, angekubali chochote.

"Nilisahau kutia klipu. Sikukijaribu kama nilivyofunzwa. Kosa ni langu."

Ami Salim akapiga makofi mara moja. "Mwamsikia? Aliyeharibu ndiye ataka kutengeneza!"

Bi Khadija hakumgeukia. "Basi kifungue," akaniambia. Kisha kwa wote, "Mpeni mpaka adhana. Adhana ikisha, mfanye mtakavyo, nami ntakubali bafta ya dukani. Kabla ya hapo mtu asiliguse."

Nikaomba sabuni ya unga na sukari. Msicheke, hiyo ndiyo dawa ya grisi, wakwaruza kwa sukari mpaka kwenye kucha. Nikaosha mpaka viwiko. Nikavua ovaroli iliyokuwa chafu, ndani nilivaa dera. Na nilipoikunja ile ovaroli, kitu kikaanguka kutoka mfukoni. Ile klipu. Ilikuwa humo muda wote.

Kiti kilitoka vyema, bolti moja tu ilinisumbua. Tundu la chuma lilikuwa dogo kuliko la gari la yule mama wa samaki. Athmani akaingiza bega, akakwama. Sanduku nikaliona, limejaa sakafu nzima ya buti. Kupita tundu lile halipiti, na kifuniko chake hakina pa kuinukia. Njia ni moja. Nikafunga dera kiunoni, nikatia kichwa, nikapita juu ya sanduku kwa tumbo, kama mjusi.

Ndani mna joto la tanuri. Giza. Tochi ya simu nimeiuma kwa meno. Chini yangu mbao, na kutoka kwenye mbao harufu ya udi, udi wa miaka, nikaogopa hata kupumua juu yake. Nikawa nasema moyoni, Bi Aziza nisamehe, Bi Aziza nisamehe, huku jasho lanitiririka na mimi nainua shingo lisidondoke juu ya sanduku lake. Kitasa kiko mbali. Nyosha mkono, haufiki. Jikokote. Nyosha tena. Nikakiona kijiti, kimening'inia kama mguu uliovunjika.

Adhana ikaanza.

Nje nikamsikia Ami Salim, "Haya, imekwisha hiyo. Mtoeni."

Na Bi Khadija, sauti haikupanda hata kidogo, "Adhana haijesha, shemeji."

Bisibisi ndefu ikafika. Nikaitia kwenye kile kijino kidogo kinachovutwa na kijiti, nikakisukuma. Kikateleza. Nikafumba macho. Wallahi nilifumba macho, kwa sababu macho yalikuwa yananichanganya. Nikasukuma tena kwa vidole tu, nikausikia ule uzito. Kifuniko cha birika. Tak.

Mwangaza ukaniingia.

Buti likapanda, na watu wakasema Alhamdulillahi, na Bi Khadija na Athmani wakainama wote wawili kulichukua sanduku. Nami nikiwa nimelala mle ndani nikatazama juu nikaona shoki zinarudi chini, pole pole, kisha si pole pole. Athmani hakuweka fimbo. Nami pia sikuweka. Mimi niliyemwambia kila mtu. Kichwa cha Bi Khadija kilikuwa pale pale chini ya ukingo. Nikarusha mkono wa kulia, nikaudaka ukingo wa bati, lakini lilikuwa limeshachukua nguvu, likanibana vidole viwili kwenye pembe ya sanduku.

Sikupiga kelele. Mnisadiki au msinisadiki. Katika nyumba ya msiba sauti haikutoka. Athmani akalidaka, akalinyanyua, sanduku likatoka zima, halina doa la grisi wala la damu. Damu yote nilikuwa nimeikusanya kwenye dera.

Waliswali alasiri, na jeneza lilikuwa halijafika msikitini. Wakalingoja. Hilo ni kweli, silikatai. Niliwangojesha watu.

Bi Khadija aliniita ndani baadaye. Walipoikata sanda kulikuwa kumebaki ukanda mdogo pembeni, mwembamba, upana wa vidole vitatu. Akanifunga vidole kwa huo, yeye mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kitanda cha mamake kilichokwisha kutanduliwa. Hakunishukuru wala hakunilaumu. Alisema tu, "Ilikuwa ikinukia kama jana."

Vidole vilipona, lakini havisikii. Cha shahada na cha kati. Naweza kushika kalamu kama mwonavyo, naweza kuosha vyombo. Nikitia ufunguo kwenye buti sijui kama una uzito au hauna. Nilijaribu miezi mitatu, na mkono wa kushoto pia nilijaribu. Fundi Kitsao hakuniambia niondoke. Niliondoka mwenyewe, kwa sababu fundi asiyesikia atalifunga buti la mtu wa pili juu ya kosa. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kustaafu. Aibu haimo. Aibu niliimaliza pale pale kichochoroni, niliposema kosa ni langu.

Basi jaribuni likiwa wazi. Mara tatu. Mteja akipiga honi, mwacheni apige. Na wewe wa kike uliye kati yao, sijui jina lako, nimeambiwa tu kwamba una kiuno chembamba na ulimi mrefu, siku watakapokwambia shuka kwenye buti, uliza kwanza ndani mna nini.

Juzi nilikuwa Biashara Street na mamangu, akichagua leso. Ami Salim yuko dukani, amekaa na wenzake kwenye kibao. Akaniona. Akawaambia wenzake, kwa sauti ya mimi kusikia, "Ndiye huyu aliyetuchelewesha maziko."

Mamangu akanivuta mkono twende. Sikwenda.

"Shikamoo, Ami," nikamwambia. "Ni kweli, niliwachelewesha. Na Bi Aziza alikwenda na nguo yake."